Chungwa Halina Baba

"Kama mtoto wa mchungwa hafanani na mama yake, mbona huu wangu umefanana?" Bibi aliniuliza swali hilo nikiwa na miaka kumi na miwili, huku akisugua jani bichi la mchungwa kati ya vidole vyake. Mpaka leo harufu ya jani hilo, kali kidogo, tamu kidogo, hunirudishia swali lote kama lilivyoulizwa. Nilikuwa na daftari la sayansi la darasa la sita, na mtoto mwenye daftari hadhani kwamba anahitaji jibu.

Nyumba yetu iko Bweni, kaskazini kabisa mwa Mafia, ambako barabara huchoka kabla ya msafiri. Mchungwa wa Bibi ulikuwa kando ya kisima, na maji yaliyomwagika kutoka kwenye ndoo zetu ndiyo yaliyokuwa mvua yake wakati wa kiangazi. Mama yake Bibi alikuwa mtu wa kisiwa cha Bwejuu. Alipoolewa huku alikuja na mbegu za chungwa la kwao, amezifunga kwenye pindo la kanga. Ule mti wa Bwejuu uliliwa na bahari zamani, lakini Bibi aliwahi kula matunda ya miti yote miwili, na alisema ukifumbwa macho huwezi kuyatenganisha. Lilikuwa chungwa dogo, la kijani hata likiiva, ganda jembamba, mbegu tele, tamu kiasi kwamba nyuki walivamia maganda kabla hatujamaliza kula. Nilipokuwa na miaka kumi shina lilianza kutoa utomvu wa kahawia, ukaganda kama gundi ya Baba, ambaye ni fundi seremala. Matawi yalikauka moja baada ya jingine. Machungwa ya mwisho yalikuwa machache, na Bibi aliotesha mbegu zake siku ileile, kwa sababu mbegu ya chungwa ikikauka imekufa. Aliziotesha kwenye makopo sita ya rangi aliyoyaokota karakanani kwa Baba.

Alikuwa na utaratibu wake. Mbegu moja ya chungwa mara nyingi huchomoza miche miwili, hata mitatu. Ilipofika urefu wa kiganja, Bibi alichuchumaa mbele ya kila kopo, akachuma jani la kila mche, akalisugua, akalinusa, akatazama miiba yake. Kisha aling'oa mmoja, mara mfupi kuliko wenzake, mara mrefu kupita kiasi, akautupa nyuma ya jiko.

"Huyu si wetu," alisema, kama anayemzungumzia mtu.

"Umejuaje, Bibi?"

"Kanuka ugeni."

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza kila kitu ushahidi wake. Nikaona huo ni ushirikina tu, wa shambani badala ya wa kilingeni. Makopo yakakaa kivulini karibu mwaka na nusu, miche ikanifika magotini.

Baba naye alikuwa amechoshwa na machungwa yanayovuka kutoka bara, yanayoshuka Kilindoni yamebonyea na kutufikia yamechacha. Akachimba mashimo kumi nyuma ya nyumba, akayajaza samadi, akaagiza miche kumi ya kubebesha: chini mlimau wenye mizizi migumu, juu kikonyo cha chungwa tamu. Ilifika imefungwa kwenye magunia mabichi, kila mmoja na kibandiko chake. Tukaipanga jamvini, tukakaa kuchagua upi uende shimo lipi.

"Huu Valensia, unachelewa kuiva," Baba alisema. "Huu Jafa. Na huu Washingtoni, una kitovu na hauna mbegu."

"Hauna mbegu?" Bibi aliuliza.

"Hauna, Mama. Watu wa mjini ndio wanaoupenda."

"Una kitovu, hauna mtoto. Sasa ukifa unaacha nini?"

"Ukifa tunanunua mwingine."

"Na mimi nikifa utakwenda dukani?"

Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini miche miwili ilikuwa imekufia njiani, na mashimo mawili yakabaki wazi. Bibi aliyatazama. Akasema kwa sauti ya mtu anayejua kuwa yuko nyumbani kwa mwanawe, "Basi nipeni hayo mawili. Nipande wawili tu katika wale wangu. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Baba alisita. Mchungwa wa mbegu hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa. Akanigeukia. "Haya, msomi wetu. Unasemaje?"

Nilisimama, kama darasani. Nikaeleza uchavushaji: nyuki huleta chavua kutoka mti wowote, kwa hiyo kila mbegu ina baba na mama, na mche wake ni mchanganyiko usiotabirika. "Tutangoja miaka minane," nilihitimisha, "tuvune ndimu." Hapo ndipo Bibi aliposugua lile jani akaniuliza swali lake. Nilirudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Maji ya kifuu bahari ya chungu, na mimi nilikuwa chungu aliyekwisha kutangaza kwamba amevuka.

"Chungwa halina baba, mke mwenzangu," Bibi alisema. Ndivyo alivyoniita kwa utani, kama mabibi wengi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike. "Ni mama, na mama yake, na mama yake."

Nilicheka. "Bibi, kila kiumbe kina baba."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa."

"Basi yameisha."

Baba alipanda mipapai kwenye yale mashimo mawili. Kesho yake nilisimulia darasani, na hata mwalimu alifuta machozi kwa kucheka. Kwa wiki nzima watoto walipiga kelele barabarani, "Chungwa halina baba!" Siku moja Bibi alipita akitoka dukani, wakaipiga tena kelele hiyo. Aliinamisha kichwa, akavuta kanga mbele, akaendelea na safari yake. Mimi nilikuwa katikati yao.

Hata hivyo hakuwatupa watoto wake wa kwenye makopo. Ulipofika msiba wa ndugu yake Bwejuu, aliaga akaniambia, "Watie maji jioni. Nikirudi nitawatafutia pahala." Wiki ileile mwalimu alitutaka tuoteshe maharage ya jaribio, mengine gizani, mengine kwenye mwanga. Nilihitaji makopo sita yaliyotobolewa chini, na makopo sita yalikuwapo. Hakuna aliyeniambia niing'oe ile miche. Nilijiambia kwamba hukumu imeshatoka, kwamba ninaokoa maji. Mizizi ilitoka mirefu, imekumbatia udongo wake. Nikawatupia mbuzi. Walianza na majani.

Bibi alirudi mchana, mguuni bado ana mchanga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama." Aliyatazama makopo. "Maharage."

"Ya shule, Bibi."

"Yameota vizuri," alisema, akaingia ndani.

Laiti angenichapa. Hakulitaja tena. Mchungwa wa kisimani ulikauka wote kabla ya masika kwisha. Baba aliukata, na katika shina akachonga mbuzi ya kukunia nazi, ambayo Bibi huikalia mpaka leo.

Siku hizi ninaishi bara, na rafiki zangu wananijua kama mtu wa "ushahidi uko wapi?" Nimewauliza hivyo wahubiri, wanasiasa na waganga. Sikuwahi kuliuliza daftari langu, ingawa ushahidi ulikuwa umesimama kando ya kisima nikiuchuma kila msimu. Nikirudi Bweni, mitano katika ile michungwa ya Baba bado iko, na sitaki kusema uongo: machungwa yake ni matamu, majirani huja kuyaomba. Bibi naye huyala. Akifika kwenye mbegu huitoa mdomoni, akainyanyua kwenye mwanga, akanitazama. "Huyu naye ana baba?" Baba hucheka. Mimi hutafuta kitu cha kufanya jikoni. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwetu mjukuu huyo ana jina, na ni langu. Nimerudi mara nne sasa nikiwa nimekusudia kumwambia nilichojifunza, na mara zote nne nimeshindwa, kwa sababu kumwambia kwamba alikuwa sahihi ni kumwambia pia kwamba ule mti ungekuwapo.

Nilijifunza mwaka wa pili wa chuo kikuu, kwenye meza ya maabara, tulipopewa mbegu za chungwa tuzimenye na kuzitazama kwa lenzi. Ndani ya yangu mlikuwa na viini vitatu vya miche vimebanana. Aghalabu, kwenye mbegu ya chungwa tamu, nyuki huchangia kimoja tu. Vilivyobaki huota katika mwili wa mama peke yake, na miche yake huwa yeye mwenyewe, bila tofauti. Anayetaka kuuendeleza mti wake huitazama miche inapochomoza, akatafuta ule usiofanana na wenzake, akaung'oa. Huo ndio wenye baba.