Mdomo wa Anestis

Miaka kumi na tisa Evdokia alizunguka vijiji vya Thesalia na kundi la waigizaji, na hakuna mtazamaji aliyewahi kumwona uso. Yeye alikuwa mnong'onezaji. Alikaa ndani ya kisanduku chini ya ukingo wa jukwaa, daftari mapajani, akiwatajia wenzake maneno yao. Leo mchezo huu, kesho ule. Nani angekariri yote hayo?

Balaa kubwa lilikuwa Anestis, mwigizaji wao mkuu. Kilichotoka kisandukuni kilimwingia sikioni kikamtokea mdomoni papo hapo, bila kupita kichwani. Siku moja Evdokia alijisahau akasema, "Mama yangu, maharage yanaungua!" Anestis, amempigia magoti mpenzi wake, akanguruma, "Mama yangu, maharage yanaungua!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"We baba, nikipiga chafya nawe utapiga?" Evdokia alimuuliza baadaye.

"Nitapiga, tena watanishangilia! Bila wewe mimi bubu, mama, unajua." Alisema hivyo huku akijipaka masizi kwenye mvi zake. Ana miaka arobaini na minane, na bado anaigiza vijana wa kuchunga kondoo!

Lakini Jumapili ile ya Februari 1947, Evdokia hakuwa na mzaha. Stratis, mdogo wake wa mwisho, alikuwa ameteremka alfajiri kutoka kwa wapiganaji wa milimani walioiasi serikali, miguu imevimba kwa baridi. Jina lake lilibandikwa kwenye mlango wa kanisa, na waliobandikwa pale wakishikwa walipigwa risasi. Evdokia alimficha chini ya jukwaa, nyuma yake. Hakumwambia mtu. Mchezo ukiisha angemtia kwenye kasha la mavazi, mkokoteni wa kundi umvushe daraja.

Katika sehemu ya pili ya mchezo ndipo mlango wa mkahawa walimoigizia ulipofunguliwa. Baridi iliingia, kisha buti. Evdokia alichungulia kwenye ufa akamwona luteni na askari wanne.

"Dada, natoka nikimbie," Stratis alinong'ona mgongoni pake.

"Usitoke, Stratis! Wako mlangoni!"

Juu pale Anestis alikuwa ameishiwa maneno, mkono hewani, anangoja. Akayadaka.

"Usitoke, Stratis!" akanguruma, vikombe vikatikisika. "Wako mlangoni!"

Hakuna aliyecheka. Evdokia alihisi mkojo wa moto ukimshuka mapajani. Nimemuua, alijiambia. Masikini ya Mungu, nimemuua ndugu yangu kwa ulimi wangu mwenyewe.

Kiti kilikwaruza sakafu. "Stratis ni nani hapa?" luteni akauliza.

Anestis aliinamisha macho kisandukuni. Alimwona Evdokia, mdomo wazi, hausemi kitu. Nyuma ya bega lake akaiona miguu miwili iliyofungwa matambara. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akasema la kwake.

"Ni mimi, afande. Anestis ni jina la jukwaani tu."

"Mbona unajikataza kutoka?"

"Mtu akiogopa hujisemesha, afande. Niliwaona mkiingia, likanitoka."

Luteni alizitazama zile nywele nyeusi tii na mashavu yaliyopakwa wekundu. Aliona kijana. "Mfungeni," akasema.

Walimpitisha katikati ya viti na sketi yake ya marinda, vazi la mchunga kondoo wa mchezoni. Nje theluji ilikuwa inaanguka. Masizi yangechuruzika, mvi zingeonekana, na luteni angejua amedanganywa. Mpaka hapo ilikuwa nusu saa, labda, na nusu saa ilitosha kufika darajani. Evdokia aliushika mguu wa Stratis gizani akaubana, asitikisike.

Mlangoni Anestis alisimama. Aligeuza shingo kuelekea kisandukuni, kama alivyofanya kila siku maneno yalipomwishia, akangoja.

Evdokia alipekua daftari, ukurasa baada ya ukurasa. Hakupata hata neno moja la kumpa.