Mjomba Ataruhusu Waya wa Intaneti Mama Akikubali Nyumba Iuzwe

Admin, nifichie jina, maana nusu ya ukoo wetu wanashinda kwenye ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, nimeachika, nauza madera Kariakoo na naishi na mama yangu Mchafukoge, ghorofa ya pili ya nyumba aliyoacha babu. Mama ameshapita sabini na magoti yake hayashuki ngazi tena.

Mama ana dada mmoja tu, mama mkubwa, yupo Maskati. Walikuwa wanapigiana simu kila siku, wanabishana hata namna ya kukunja sambusa. Mwaka jana mama mkubwa alipata kiharusi, hawezi tena kutamka neno. Simu ya kawaida haina faida, lakini akimwona mama kwenye video anacheka kwa upande mmoja wa uso na kuinua mkono. Mama anamsomea dua, anamwonyesha chungu kilichopo jikoni, na hayo ndiyo maongezi yao. Binti wa mama mkubwa anasema siku wasipoonana mama yake anakataa chakula.

Sasa hiyo video ndiyo inayonitoa roho. Bando linaisha kabla ya salamu. Nikanunua ruta ya laini, lakini tumebanwa na maghorofa pande zote, mtandao unashika juu ya paa tu, na mama siwezi kumkalisha kwenye matangi ya maji. Ya setilaiti niliulizia bei, nikashukuru, nikaondoka. Imebaki ya waya. Kuna kampuni imeshafika jengo la jirani na malipo yao ya mwezi nayamudu kabisa. Fundi wao akaja, akakagua, akaniambia, "Dada, hapa ni kutoboa tundu moja tu. Niletee idhini ya mwenye nyumba."

Mwenye nyumba! Hii ni nyumba ya mirathi, haijagawanywa tangu babu afariki. Waliopitia wanajua: ukipigilia msumari kwenye nyumba ya mirathi, utaambiwa umejimilikisha. Mlango wa choo chetu umeoza na mama haubadilishi kwa kuogopa maneno. Msimamizi wa mirathi ni mjomba, mdogo wao wa tumbo moja, ambaye miaka yote anataka kuwauzia wajenzi wa maghorofa waivunje na mama anakataa.

Nikamfuata dukani kwake. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mama hajambo?" Nikamweleza yote, mpaka habari za dada yake kukataa kula. Akasema, "Leo waya, kesho mita ya umeme, keshokutwa mtaniambia nyumba yenu. Ukuta ule hauguswi na mtu."

Mpangaji wa duka la chini, kaka mmoja wa Kichaga anayeuza balbu na soketi, akatuhurumia akatupa nywila ya Wi-Fi yake. Wiki chache mama alikuwa anaimba jikoni. Mjomba akapata habari. Yule kaka akanisimamisha ngazini, haniangalii usoni: "Dada, nisamehe bure. Mzee kasema nikiendelea nitafute fremu nyingine ya duka, na mimi nina familia." Nikamwambia hamna neno. Nilipofika ndani nililia kwa hasira.

Jumapili mjomba akaja mwenyewe, na halua mkononi. Akamwambia mama kwa upole, "Dada, kubali tuuze. Ukitamka mbele ya wazee wa ukoo, kesho yake waya unaingia." Nikamuuliza, "Mjomba, nyumba ikishavunjwa huo waya utafungwa wapi?" Akanijibu haya ni mambo ya wakubwa.

Nilitegemea mama amfukuze. Mama akasema, "Waite hao wazee." Mjomba alipoondoka nilimfokea mama, Mungu anisamehe. Akanijibu taratibu, "Mwanangu, dada yangu anadhani nimemsusa, na hana ulimi wa kuniuliza. Nyumba ya nini?"

Wazee wanakuja Ijumaa baada ya swala. Nikizuia, mama atabaki na nyumba na dada yake anaweza kuondoka duniani bila ya kumwona. Nikinyamaza, fungu la mama litaliwa na kodi za nyumba za watu, na sijui nani atampangisha mgonjwa asiyeshuka ngazi. Nishaurini jamani, nifanye nini, maana mama ameshanituma nikanunue kahawa na kashata za wageni.