Nani Kafa Ndia Kuu?

Sukari ilinipata miaka ya tisini, wakati mimi na halua tulikuwa chanda na pete. Daktari, kijana mtulivu kama maji ya mtungi, akaniambia: "Mama, punguza wali, acha vitu vitamu, na kila asubuhi utembee nusu saa, mbiombio, bila kusimama. Sukari isiposhuka mpaka mwezi ujao, tutaanza sindano za kila siku."

Wallahi, mimi na sindano hatupatani. Wanangu wote nimewazaa bila kupiga kelele, lakini nikiona sindano hutafuta mlango.

Chakula nilikiweza. Mahamri niliyapa kisogo, chai nikainywa bila sukari na uso nimeukunja. Shida ilikuwa kutembea. Ndia Kuu, barabara ya mtaani kwetu, haipitiki bila kusimama. Kila mlango una mtu, na kila mtu ana salamu: hujambo wewe, watoto je, mamako je, na lile goti lake? Ukijibu nusu, jioni watasema umeota mapembe. Siku ya kwanza nusu saa iliniishia papo hapo mtaani, kwa salamu tupu.

Siku ya pili nikavaa buibui, nikainamisha kichwa, nikawa nasalimu kwa mkono kifuani huku nakwenda shoti. Sikujua ninajitafutia nini. Kwetu mwanamke hakimbii asubuhi na mapema na buibui lake ila kuna msiba. Jirani yangu wa mlango wa pili aliponiona, akasema "Inna lillahi!", akatwaa buibui lake, akanifuata. Wengine wakamfuata yeye. Nafika Kizingo kwenye majumba makubwa, nasikia kandambili nyuma yangu. Nageuka, kundi zima la wanawake linahema, mmoja keshaanza kulia.

"Nani kafa?" jirani akauliza.

"Hajafa mtu. Natembea kushusha sukari."

"Laana wewe! Nami nimeacha maziwa motoni!"

Tulicheka mpaka bawabu wa jumba moja akatoka kututazama. Yule aliyekuwa akilia ndiye aliyecheka kutushinda sote.

Kesho yake mlango ukagongwa hata sijavaa. "Toka, maiti wetu! Twende tukakuzike!" Ikawa ndiyo desturi. Nikichoka nikataka kusimama, jirani hunong'ona, "Sindano!" nami hutimka.

Mwezi ulipokwisha nilikwenda kupimwa, na wanawake wale wote wakaja, wakajaa kwenye mabenchi ya kliniki. Kidole kilipotobolewa, jirani alinifumba macho kwa kiganja chake. Daktari akasoma kile kipimo, akakisoma tena.

"Imeshuka, mama. Sindano hatuzihitaji."

Nikaangua kilio cha furaha. Jirani akapiga kigelegele, wenzake wakamwitikia, kliniki ikarindima. Muuguzi akaja mbio kutoka chumba cha pili.

"Nani kazaa?"

"Sisi," jirani akamjibu, akinisukuma mbele. "Na mtoto ndiye huyu."