Chumba Kisichopitisha Hewa

Bado nina hasira, ingawa kosa ni langu. Hapa Bigwa nilijifungia kwa wiki mbili ndani ya chumba cha vioo, mimi na mchicha, tupime kama mimea peke yake itanitosha kwa pumzi. Kila asubuhi kipimo kilionyesha hewa ya nje imeingia. Nikamfokea fundi Athumani: “Silikoni gani hii umepaka kuziba mianya?” Akapaka upya mara tatu.

Wakubwa wa utafiti walipokuja, nikamshtaki Athumani kwa sauti nikiwa humo humo ndani. Bi Zuhura, muuza ndizi wetu aliyekuwa akipita, akadakia: “Msimkasirikie kijana huyu wa ndani ya kioo, ana adabu! Kila asubuhi nikipita hufungua mlango, akanipa shikamoo.”

Sasa mlitaka nimwamkie mama mtu mzima kupitia kioo?