Fundi wa Chuma Atakufa Tena Wiki Hii

Saa nne asubuhi, mtaa wa Nyakasanza, Bunia, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, na Espérance Mave anamfokea mzee aliye ndani ya televisheni.

"Mbuzi tena! Mutu anatafuta daraja, anataka kuokoa inchi yote, na huyu muzee anamutuma mbuzi! Juu ya nini haendi mwenyewe? Miguu iko na yeye!"

Nyuma yake, kwenye benchi la mbao, wameketi watu wazima sita. Hakuna anayemuunga mkono. Adrien, fundi mwashi anayesubiri saruji ifike kazini kwake, anaona jambo hilo halina mjadala.

"Tafuta mbuzi ya mutu," anasema. "Huwezi kupita mutu mukubwa anasumbuka, weye unaenda tu."

Espérance anashusha pumzi, anabonyeza kifaa cha kuchezea, ambacho hapa wote wanakiita manette, na kijana mwenye upanga mgongoni anageuka kurudi mlimani. Mbuzi yule alikwisha kupatikana mwezi uliopita. Sasa anatafutwa upya, na hapo ndipo hasira ya mama huyu inapoanzia.

Espérance ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Anaendesha banda la michezo ya video: mabati juu, mbao pembeni, paneli ya jua, betri mbili na rafu ya kuchajia simu. Televisheni moja ni ya vijana wa mpira, ambao hupiga kelele kuanzia wanapotoka shule hadi giza linapoingia. Ya pili ni yake.

Kwenye hiyo ya pili hucheza michezo ya safari na hatari, ile ya mtu mmoja anayevuka nchi ngeni kwa miguu. Maandishi yake ni ya Kifaransa, madogo kama chawa, yanapita upesi. Espérance alisoma hadi mwaka wa tano wa sekondari kabla ya vita kuifunga shule yao, kwa hiyo huyasoma, huyageuza Kiswahili papo hapo na kuigiza sauti zote. Anayeketi hulipa franka mia tano. Hawachezi. Wanatazama, na wanaamua.

Hilo la kuamua ndilo linalomzeesha.

"Mi niko na manette, mais sina uhuru," anasema, kwa Kiswahili cha Bunia ambamo mais ni lakini na jeu ni mchezo. "Nikitaka kuingia mu nyumba ya batu, benchi inasema: piga hodi kwanza. Mu jeu hakuna hodi! Hawakuitengeneza! Basi nasimama mbele ya mulango, nangojea, ndio banasema sawa, ingia."

Mimi mwenyewe nilishuhudia kijana huyo wa mchezoni akisimama mlangoni kwa muda ambao ningeweza kunywa kikombe cha chai. Anaitwa Plamedi. Jina hilo lilichaguliwa na benchi baada ya ubishi wa mchana kutwa, kwa sababu mchezo ulidai jina na kila mmoja alikuwa na mpwa wake wa kumpendekeza.

Ukimpa nafasi, Espérance atakuchambulia kila mchezo alionao, na hakuna utakaosalimika. Kuna ule wa mwanamke anayetafuta hazina kwenye mahekalu ya kale, anaoucheza peke yake kabla wateja hawajafika. "Kila jiwe anashika, inaanguka. Kila ngazi, inavunjika. Fundi mwenye alijenga ile hekalu alikula feza ya batu," anasema, na Adrien anakubali kwa kichwa kama mtu aliyewaona mafundi wa namna hiyo.

Kuna mwingine wa msitu. Huo ndio unaomuudhi kuliko yote.

"Pori gani haina matope? Mi nilipita barabara ya Mambasa mu lori. Tulilala mu njia, tukasukuma, viatu vikabaki kule. Huyu anatembea mu pori wiki nzima, nguo safi, hana hata mbu moja! Na anaweza kuua nyoka mukubwa sawa nyumba, mais ukimuwekea lupango, uzio ya miti inafika hapa" — anagusa goti lake — "anashindwa kuruka."

Ukimuuliza kwa nini basi anaendelea kucheza, anakutazama kana kwamba umemtukana. Anapenda. Anapenda kufika mahali ambapo hajafika, na anapenda watu wengine wafike pamoja naye. Tatizo ni kwamba watu hao huja na adabu zao zote za Ituri, na mchezo haukutengenezwa Ituri.

Benchi lenyewe lilianza kwa bahati. Mama Joséphine, mjane wa miaka sitini na kitu anayeuza sombe, majani ya muhogo, sokoni, alileta simu kuchaji siku moja ya mvua. Alipokuwa anangoja alimkuta Espérance akicheza, akauliza, "Huyu mutoto anaenda wapi na hii mvua?" Espérance akamweleza. Kesho yake Mama Joséphine alirudi na simu iliyokuwa imejaa chaji, akaketi. Keshokutwa akaja na jirani.

Kabla ya hapo banda lilikuwa la mpira tu, na mpira ulileta ugomvi, manette zilizovunjwa na wazazi wenye hasira. "Mama Joséphine ndio alinipatia hii kazi," anasema Espérance. "Mi nilikuwa muchungaji wa batoto ya batu."

Leo nafasi ya mwisho kwenye benchi, upande wa mlango, iko tupu. Hakuna anayeikalia, hata Adrien ambaye goti lake linabanwa. Mama Joséphine hajaja tangu kijiji cha Plamedi kilipoungua.

Kisa chenyewe ni hiki. Plamedi alilelewa na fundi wa chuma, mzee mpole anayemtengenezea upanga mwanzoni mwa mchezo. Mzee huyo anajeruhiwa na askari wa mfalme mwovu, na kabla hajakata roho anamwambia kijana: ondoka sasa hivi, vuka daraja, wanakuja. Mchezaji yeyote wa kawaida angekimbia.

Benchi la Nyakasanza halikukimbia.

"Nilibasomea vizuri," Espérance anasema, na sauti inapanda kana kwamba jambo limetokea leo. "Nilisema: amesema aende sasa! Banasema, mutu anayekufa anasema tu, anahurumia mutoto. Mama Joséphine akasimama kabisa. Akasema: 'Ataanza safari na udongo ya kaburi iko mbichi? Nani alimuzaa huyu?'"

Wakapiga kura kwa mikono. Plamedi abaki akae matanga. Mchezo una kitufe cha kumketisha mtu chini, basi Espérance akamketisha kando ya kaburi. Siku tatu, kila alipofungua banda aliwasha mashine, na Plamedi akakaa pale kichwa chini, jua la mchezoni likichomoza na kuzama. Watu walikuja, wakaketi, wakazungumza kwa sauti ya chini. Muuguzi mstaafu, Marie-Claire, alileta chai. Espérance anakiri kwamba ilikuwa vizuri, ingawa anakiri kwa kununa.

Siku ya tatu askari walifika. Katika mchezo huo saa haisimami hata mchezaji akiketi. Nyumba za nyasi zikawaka moja baada ya nyingine, daraja likakatwa, na Plamedi akafungwa kamba.

Mtu asiyeijua Ituri anaweza kusema ni picha tu. Kwenye benchi lile hakukuwa na mtu hata mmoja ambaye hajawahi kuona nyumba ikiwaka kweli. Hata vijana wa mpira waliweka manette zao chini. Iliniumiza kusimuliwa tu, na sikuwepo.

Hapo Adrien alipasuka. "Ni weye ulituua!" alimwambia Mama Joséphine, mbele ya wote. Mama akachukua beseni lake, akatoka.

"Nilikosa," Adrien anasema sasa, akitazama mikono yake yenye saruji. "Ilitoka tu. Siku ile niliona kwetu."

Mchezo hujihifadhi wenyewe, mpya juu ya wa zamani, kwa hiyo hapakuwa na pa kurudi isipokuwa mwanzo kabisa. Ndiyo maana mbuzi anatafutwa tena. Na kadiri Plamedi anavyomaliza shida za wazee wa kijiji, ndivyo anavyokaribia ile siku.

"Fundi wa chuma atakufa tena wiki hii," Espérance anasema. "Na mi sijue nitafanya nini. Nikikimbia, benchi itasema hatuna utu. Nikibaki, tutaungua. Na mwenye anaweza kutuambia, haiko hapa. Bila yeye mi sifike pale. Nitaacha manette, batoto ya mpira bachukue televisheni zote mbili."

Mchana huo alifunga banda mapema, jambo ambalo vijana walilipokea vibaya sana, na tukaenda wote wawili kwa Mama Joséphine.

Tulimkuta uani akitwanga sombe. Hakuonekana kushangaa. Alituletea viti, akaendelea kutwanga, na Espérance, ambaye njia nzima alikuwa amepanga maneno ya upole, akayasahau yote.

"Mama, unatutesa! Adrien analia kila siku, benchi haina kichwa, mi nakosa usingizi juu ya mutu wa televisheni! Kama iko haya, haya ya nini? Siye wote tulinyanyua mikono!"

"Sina haya ya Adrien," alisema Mama Joséphine.

"Basi nini?"

Mchi ukasimama. Mama akafuta mikono kwa kitenge, polepole.

"Bwana yangu walimuua asubuhi. Tulimuzika nyuma ya nyumba, haraka, na mangaribi nikabeba batoto, tukakimbia. Sikukaa kilio hata siku moja. Myaka yote nilikuwa nasema: Joséphine, ungebaki hata siku tatu. Ungemulilia sawa batu banalilia mutu. Unaona? Sasa mu jeu yako tulibaki. Na nimeona ile inaleta."

Espérance alivuta kiti chake karibu na kinu.

"Kama ningebaki, batoto yangu bote bangekufa," Mama Joséphine aliendelea. "Nimejua sasa. Mais kilio iko bado ndani yangu, haijatoka. Naogopa nikirudi pale, yule muzee wa chuma akikufa, nitalia mbele ya batu sawa mutu wa wazimu."

"Na juu ya nini hukutuambia?" Espérance aliuliza. Bado alikuwa na hasira, lakini machozi yalikuwa yakimtoka.

"Ulikuwa unacheza."

Tulirudi kwa miguu. Karibu na banda Espérance alisimama ghafla katikati ya njia, pikipiki mbili zikamkwepa kwa matusi.

"Mashine," alisema. "Mi ni mujinga. Tulikosa juu ya kuacha mashine inawaka!"

Alinieleza haraka, akinishika mkono. Saa ya mchezoni hukimbia pale tu mashine inapowaka. Ikizimwa, askari hawatembei, daraja halikatwi. Matanga hayapaswi kukaliwa na Plamedi ndani ya televisheni. Yatakaliwa na benchi lenyewe, nje, mashine ikiwa imezimwa. Kisha siku ya nne wanawasha, na Plamedi anaondoka usiku uleule aliofiwa, asimkosee mtu.

"Na kilio haitakuwa ya fundi wa chuma," alisema. "Fundi wa chuma hatukumujua."

Adrien ndiye aliyetumwa kwa Mama Joséphine na habari hiyo. Walizungumza nini hakuna aliyenieleza.

Ijumaa nilikuwa bandani fundi wa chuma alipokufa kwa mara ya pili. Benchi lilikuwa limejaa, nafasi ya upande wa mlango nayo ilikuwa na mwenyewe. Espérance aliyasoma maneno ya mwisho ya mzee bila kuigiza sauti, akangoja mchezo ujihifadhi, akachomoa waya wa betri, televisheni zote mbili zikawa nyeusi. Vijana wa mpira waliuliza ni nani atakayewalipa muda wao. Espérance aliwatazama tu, wakatoka.

Marie-Claire alitandika mikeka. Adrien alikuwa amebeba fungu la kuni begani tangu kazini kwake. Mipango ya Espérance ni kukaa hadi Jumatatu, kufungua Jumanne, na kulivuka daraja.

"Baada ya daraja iko bahari, nimeona mu picha ya boksi," alisema. "Nataka Mama Joséphine aone bahari. Hata kama nitatafuta mbuzi za inchi yote."

Kisha alichukua chaki, akaandika mlangoni: KILIO. HAKUNA JEU MPAKA MARDI.

Hata vumbi la chaki hakuwa amelifuta mikononi wakati mwendesha pikipiki wa teksi alipopunguza mwendo mbele ya banda, akasoma, akauliza nani amekufa. Espérance aligeukia televisheni iliyozimwa. Ungeona usoni mwake uchovu wa kueleza mchezo mzima tangu mwanzo: mzee, upanga, mfalme, mbuzi.

Mama Joséphine alijibu kutoka ndani.

"Bwana yangu," alisema. "Gérard."

Mtu yule akazima injini. Akavua kofia, akainama kupita mlangoni, akatafuta mahali kwenye mkeka.