Mama Saa na Moyo wa Fundi Viatu

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu tangu alfajiri, kisha jua kali lililokausha ua wa hospitali kabla ya saa nne.

Mpiga picha mkongwe wa mashine ya sumaku, ile ya MRI inayoonyesha ndani ya mwili, walimwita Mama Saa. Kwa miaka kumi na moja hakuna mgonjwa wa moyo aliyeingia chumba cha sumaku kabla yeye hajamshika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo dakika nzima kwa saa yake. Hesabu aliiandika kwenye kikaratasi, kisha saa akaitundika msumarini nje ya mlango, maana chuma hakiingii mle. Wenzake walimcheka. Mashine yenyewe si inahesabu?

Mwaka huo aliletewa msaidizi, msichana ambaye Mama Saa mwenyewe aliwahi kumfundisha kazi, kabla binti hajaenda chuo na kurudi na cheti. Tangu hapo, daktari wa moyo akifungua picha huuliza, "Hizi kapiga mdogo? Zimetulia kweli!" Mama Saa hutabasamu, na roho inamuuma kama kidole kilichobanwa na mlango.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," alimwambia karani wa mapokezi. "Wewe subiri tu." Mwenye kusubiri hasa alikuwa yeye.

Picha ya moyo ni kama picha ya mtoto aliye kwenye bembea. Lazima ungoje arudi pale pale ndipo ubonyeze, tena na tena, vipande viungane. Nyaya zinazobandikwa kifuani ndizo zinazoiambia mashine: sasa. Kwenye kioo cha kompyuta kila pigo huchora kilele kirefu, kisha kinundu kidogo. Lakini ndani ya sumaku kinundu hicho huweza kuvimba, mashine ikadhani ni pigo jingine.

Siku hiyo aliletwa fundi viatu, mzee mwembamba. Madaktari wa upasuaji wangekaa kikao saa nane. Picha zikiwepo, angepasuliwa wiki hiyo hiyo; zikikosekana, zamu nyingine ilikuwa baada ya miezi mitatu, na midomo yake ilikwisha kuwa ya buluu. Mama Saa alimhesabu: sitini na mbili. Akakitia kikaratasi mfukoni. Msaidizi akabandika nyaya, akakaa mbele ya kioo.

"Vuta pumzi, mzee. Toa. Zuia hapo hapo."

Picha ikatoka imevurugika. Mara ya pili vile vile. Kioo kiliandika mapigo mia na ishirini na nne.

"Dada, moyo unamkimbia. Naona ana hofu."

"Labda," alisema Mama Saa, akatazama kucha zake.

Alijua. Mia na ishirini na nne ni sitini na mbili mara mbili. Alijua pia kwamba leo daktari angefungua picha mbovu za mdogo, na hilo lilikuwa tamu. Akanyamaza hadi pumzi ya tisa, sauti ya mzee ilipokuja kwenye spika, nyembamba.

"Binti, nimeshona viatu miaka arobaini, sijaona kazi ya kukatazwa kupumua. Nimechoka. Nirudisheni nyumbani tu."

Msaidizi alianza kulia. Mama Saa akasimama, akakiweka kikaratasi mezani, akaingia ndani. Akakisafisha upya kifua cha mzee, akahamisha vibandiko viwili vya nyaya, akatazama mstari mpaka kinundu kikalala. Sitini na tatu.

"Tatu tu, baba yangu, kisha unakwenda."

Picha zikatoka safi.

"Ulikuwa nayo hesabu muda wote?" msaidizi aliuliza.

"Nilikuwa nayo."

Saa nane unusu daktari alipiga simu, msaidizi akaiweka kwenye spika: mzee atapasuliwa Alhamisi. "Mdogo, kazi safi!"

"Ni za dada, daktari. Mimi nilishindwa."

"Haya, mwambie naye asante."

"Naye!" Mama Saa alinung'unika akikunja mashuka. "Eti naye!"

Kesho yake asubuhi alikuta saa mpya ya mkononi imetundikwa kwenye msumari wake. Ilikuwa ya msaidizi. Akailinganisha na yake, akaona imetangulia dakika tatu, akairekebisha. Akairudisha msumarini, kisha akatundika yake juu ya ile, akaenda kumwita mgonjwa wa kwanza aje ahesabiwe mapigo hapo mlangoni.