Kadi ya Picha na Macho ya Dada Yangu

Kila alasiri dada yangu aliinuka mbele ya kompyuta, akalowesha kitambaa kwenye beseni, akaketi kwenye benchi la wateja na kujifunika macho. Mteja aliyeingia wakati huo alimkuta hivyo, uso umeelekea dari, na wengi walidhani amefiwa. Hawakukosea sana. Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia mwisho, malaria ilikuwa imepanda milimani kwa namna ambayo hatukuizoea, na kazi kubwa ya ofisi yetu ndogo mjini Kisii ilikuwa kupiga chapa ratiba za mazishi.

Siku mbaya kuliko zote ilikuwa Alhamisi. Watu wetu wengi ni Wasabato na hawaziki Jumamosi, kwa hiyo mazishi mengi yaliangukia Ijumaa, na Alhamisi wafiwa walijaa hadi kwenye ngazi. Mmoja anasoma majina ya wajukuu, mwingine anamsahihisha, wa tatu anakumbuka kwamba shemeji wa Nyamache amesahauliwa na lazima aingizwe kabla karatasi hazijatolewa. Dada alipiga chapa yote hayo bila kuinua sauti.

Kompyuta ilikuwa yake. Aliinunua kwa bonasi ya majani chai ya shamba aliloachiwa na marehemu mumewe huko Nyamira, na shemeji zake hawakumsamehe, maana walitaka ajenge. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi asiye na cheti. Walipoanza kuwapunguza walimu wa aina yangu, dada aliniita nije nimsaidie. Nilijifunza mashine hiyo upesi, na kama ilivyo kwa mtu aliyejifunza jambo upesi, nilianza kuona kasoro zake.

Kasoro kubwa ilikuwa skrini. Ilitetemeka. Ukiikazia macho hukuuona mtetemo huo, lakini ukigeuka kidogo, kama unamsalimu mtu mlangoni, uliiona kwa pembe ya jicho ikipepesa kama koroboi penye upepo. Mimi nilikaa hapo saa chache tu kwa siku. Dada alikaa tangu asubuhi.

Basi siku moja akaja mfanyabiashara wa mawe kutoka Tabaka, mtu mnene, mpole, aliyevaa koti hata juani. Aliwauzia wageni vinyago vya mawe laini yanayochimbwa kwao, na alikuwa na disketi yenye picha za vinyago hivyo. Alitaka kijitabu cha kuwapelekea wanunuzi wa ng'ambo. Niliifungua disketi mbele yake kwa majivuno kidogo. Kiboko wa jiwe jeupe akatokea na mabaka ya kijani na zambarau, kama mnyama mwenye ugonjwa wa ngozi. Yule bwana aliinama kumtazama.

“Hili si jiwe letu,” alisema.

Alitueleza kwamba Nairobi alikuwa ameona picha hizo hizo kwenye kompyuta nyingine, na zilikuwa safi. Aliambiwa tofauti ni kadi ya picha, kile kipande kinachochomekwa ndani ya mashine ili kupeleka rangi kwenye skrini, na kwamba zipo za kawaida na zipo za hali ya juu. Tukipata ile ya hali ya juu, kazi ni yetu, na angewaambia wachongaji wenzake pia.

Sikungoja kesho. Nilikwenda kwenye duka la vifaa vya umeme la familia moja ya Kihindi, ambalo wakati huo lilikuwa mikononi mwa mama wa nyumba hiyo, maana mumewe alikuwa akisimamia duka lao la Kisumu. Kila mtu alimwita Mama, nasi tulimheshimu kwa sababu bei yake haikubadilika kulingana na viatu vya mnunuzi. Ndani ya kabati la kioo, katikati ya pasi na redio, alikuwa na boksi moja lenye picha ya joka linalotema moto. Hiyo ndiyo kadi ya hali ya juu. Aliponitajia bei nilimwomba airudie. Ilikuwa bei ya ng'ombe wa maziwa, pamoja na ndama wake.

“Mwalimu,” aliniambia, maana hakuacha kuniita hivyo hata baada ya kuacha kazi, “mimi ni muuzaji. Lakini niambie kwanza, wataka kufanyia nini?”

Nikamweleza habari za rangi, nikamuuliza kama zitatokea safi. Akasema rangi zitatokea, hilo hana shaka nalo. Alilijibu swali langu kwa ukweli. Ni mimi niliyeuliza swali nusu.

Jumapili nilimfuata dada Nyamira. Nilimkuta kwenye majani chai, kikapu mgongoni, nami nikashika mstari wa pili ili niweze kusema huku nikichuma. Nilizungumza karibu asubuhi nzima. Nilimweleza habari za kijitabu, za wachongaji wengine watakaofuata, za kadi za harusi ambazo tungeweza kuanza kutengeneza badala ya ratiba za mazishi peke yake. Yeye alichuma tu. Vidole vyake vilikwenda kwenye majani mawili na chipukizi kama vilivyokwenda kwenye herufi, bila yeye kuvitazama. Tulipofika mwisho wa mstari akatua kikapu.

“Momura ominto,” alisema, ndugu yangu, kwa lugha ya nyumbani, “nimechoka. Usiniletee jambo la kufikiria. Niletee lililokwisha kufikiriwa.”

Nilichukulia kwamba amenipa ruhusa. Leo najua alikuwa anaomba kupumzika.

Nilirudi kwa Mama dukani nikamwomba tuijaribu kabla ya kununua. Alikubali kwa sababu ya dada, ambaye kwa miaka mingi alimpigia chapa barua za duka bila kosa. Siku ya Jumatano, mchana wakati wateja ni wachache, alikuja mwenyewe na bisibisi kwenye mkoba. Tulipofungua mashine tulikuta vumbi la kutosha kupanda sukuma wiki, na mjusi mkavu aliyekufa siku nyingi. Mama alimtoa kwa ncha ya bisibisi, akachomoa kadi ya zamani, akachomeka ile mpya. Mfanyabiashara wa mawe alikuwa amekwisha fika. Nilikuwa nimemwita.

Skrini ilipowaka, sikuamini kwamba ni ile yetu. Kiboko alikuwa mweupe kwa kweli, mweupe wa maziwa, na mshipa wa waridi ulipita ubavuni mwake kama ulivyopita kwenye jiwe lenyewe. Yule bwana alisogeza uso hadi pua ikakaribia kioo. Alisema alimjua mchongaji kwa namna alivyokata masikio. Dada naye alikuja akasimama nyuma yetu. Hakumtazama kiboko. Aligeuza kichwa pembeni, akakirudisha, akageuza tena.

“Imenyamaza,” alisema. “Skrini imenyamaza.”

Hatukumsikiliza. Mfanyabiashara alikuwa anataka kuona kwenye karatasi, nami nikaamuru printa. Ilikuwa printa ya utepe, ile inayokwaruza kama mtu anayepiga randa mbao zenye misumari. Ilikwaruza mpaka ikamaliza. Nikaichana karatasi, nikaiweka mezani, na sote tukaitazama. Kiboko alikuwa rundo la nukta nyeusi. Hakuwa na tofauti na yule ambaye kadi ya zamani ingemtoa.

Mama ndiye aliyesema kwanza. Alieleza taratibu, bila kejeli, kwamba kazi ya kadi inaishia kwenye kioo. Karatasi ni kazi ya printa, na printa ya rangi inayofaa kijitabu ilikuwa ng'ombe mwingine, pengine mkubwa kuliko huyu. Aliniuliza kama sikulijua hilo. Nilisema nililijua. Nadhani nililijua kama mtu anavyojua kwamba mvua itanyesha, halafu anaanika mahindi.

Mfanyabiashara wa mawe hakukasirika. Alituambia asante, akaiweka disketi katika mfuko wa koti, akasema atapeleka kazi Nairobi. Alipeana mikono na kila mmoja wetu kabla ya kushuka ngazi.

Mama alikuwa na shughuli zake. Akasema kadi ikae hadi jioni, atakuja kuichukua. Dada akaketi kwenye kiti chake akaanza kupiga chapa mtihani wa shule moja ya Masimba. Niliketi kwenye benchi. Ilinichukua muda kutambua kwamba alasiri ilikuwa imepita na yeye hajainuka kulowesha kitambaa. Alipiga chapa mtihani wote, akausoma tena, akaanza mwingine. Mabega yake, ambayo siku zote yalipanda karibu na masikio, yalikuwa yameshuka.

Mama aliporudi nilimwambia tutainunua. Dada akaacha kazi akanigeukia.

“Kwa hiyo kiboko ameshindikana,” alisema, “sasa ni mimi?”

Nilimwambia macho yake yana thamani kuliko ng'ombe. Akajibu kwamba hilo ni kweli, ila fedha za ng'ombe hazikosi kazi nyingine mjini, wakati karo ya wanawe shuleni inangoja. Alisema haya kwa sauti ya chini kabisa, akitazama meza. Sikumwona amekasirika. Alikuwa amechoka kuwa mtu ambaye kila jambo lazima lipimwe juu yake.

Mama alivuta kiti akaketi, jambo ambalo hakulifanya ofisini kwetu kabla ya hapo. Alisema bei ile kubwa ni ya michezo: vijana wa Nairobi wanataka kuona moto, risasi na magari yanayokimbia kuelekea mbali ndani ya skrini. Kutuliza skrini kwa ajili ya herufi hakuhitaji hata robo ya nguvu hiyo. Dukani alikuwa na kadi ya kawaida aliyoitoa kwenye kompyuta iliyoungua, yenye uwezo wa kutosha. Kama dada angeridhika na bei ya gunia la mahindi, angeileta kesho yake. Akalichukua boksi la joka akaenda nalo. Lilirudi kabatini, na kwa kadiri ninavyokumbuka lilikaa hapo mpaka jua likafifisha moto wa joka ukawa rangi ya chai ya maziwa. Kufikia wakati huo zilikuwa zimetoka kadi nyingine zilizolishinda, kwa bei ndogo kuliko hiyo.

Kadi ya kawaida ilifanya kazi. Skrini ilitulia, si sawasawa na siku ile, lakini ilitosha. Kwa majuma kadhaa nilitembea nikijiona mtu aliyemaliza tatizo.

Halafu Alhamisi moja, ofisi imejaa watu, dada aliacha kupiga chapa katikati ya neno. Mikono ilibaki juu ya herufi. Niliinama nikamuuliza polepole kama skrini imeanza tena.

“Skrini iko sawa,” alisema. “Nimemwandika mtoto wa nyumba hii juma lililopita. Huyu ni mdogo wake.”

Mzee aliyekuwa akimsomea majina, baba wa watoto hao, alisimama pale kofia mkononi, akingoja tuendelee. Dada alimaliza ukurasa ule. Hakuruhusu mwingine aumalize. Kisha akachukua mkoba wake, akaniambia anakwenda nyumbani Nyamira, na kwamba atarudi Jumatatu kwa ajili ya mitihani, lakini Alhamisi hatakuja tena.

Sikubishana. Nilikaa kwenye kiti chake, kilichokuwa bado na joto, nikamwita aliyefuata. Herufi zilionekana vizuri kabisa.